Wimbo ni wa nani?

Katika mikusanyiko ya Wairaqw, ambao wako wengi Bagara, Babati, mzee husimama akatoa slufay: sala na shairi kwa pamoja, yeye akitangulia na watu wakiitikia kipande baada ya kipande. Kumwuliza "nani katunga?" ni swali la mgeni. Maneno kayapokea kwa waliomtangulia, kayapanga upya, kaongeza haja za mwaka huu, na kila anayeitikia ameweka saini yake kwa mdomo.

Ukitoka hapo ukaingia kwenye sheria, hesabu inabadilika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inampa mtunzi haki juu ya wimbo wake. Sheria haikosei, maana msanii naye anakula. Lakini imejibu swali la nani alipwe. Swali la wimbo ni wa nani bado liko pale pale, na katika Afrika Mashariki hakuna maisha yanayolisumbua swali hilo kama ya Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu kwa miguu, akinadi kwa sauti. Mnamo 1911 akaingia mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa starehe ya jumba la Sultani na ya mabwana. Sultani Barghash alikuwa amempeleka Mohamed Ibrahim hadi Cairo kujifunza muziki, na lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu. Muhsin Ali ndiye aliyemfundisha Siti, na wakajiunga na wenzao kama Subeit Ambar na Mbaruk Talsam. Wakaimba Kiswahili.

Nyumbani kwake, katika mtaa wa Ng'ambo, ndipo nyimbo zenyewe zilipopikwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Jioni wanabendi walikutana, habari za mji zikamwagwa katikati: kesi iliyoamuliwa, karani aliyekula fedha, mume aliyepiga mke. Mmoja huleta kisa, mwingine mstari, wa tatu huona udi uingie wapi. Majirani nao walisikiliza, wakacheka au wakanuna, na wimbo ukarekebishwa. Maonyesho yao yalikuwa pia na natiki, vichekesho vifupi vya kuigiza ambavyo jina lake limetoka Bara Hindi. Kwa maneno mengine, ilikuwa tamthilia ya muziki kabla mtu yeyote Unguja hajaiita hivyo.

Sasa mtunzi hapo ni nani?

Wimbo wa "Kijiti" unasaidia kujibu. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitoka kwenda ngomani, akabakwa na kuuawa. Mtuhumiwa akavuka bahari akatokomea, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Kisa kilikuwa cha mji mzima. Kila mtu alikijua, kila mtu alikinong'ona. Kunong'ona, hata hivyo, hakumgharimu mtu kitu. Siti alikisema hadharani, kwa jina lake mwenyewe, mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa na marafiki mahakimu. Mwaka 1928 bendi ikasafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na kwenye santuri likachapwa jina la mwimbaji. Waliomwonea kijicho hawakumshambulia Muhsin wala Subeit. Walimtungia yeye wimbo wa kumkejeli kwa sura na asili yake ya vyungu, naye akawajibu kwa wimbo.

Huenda basi mwenye wimbo si aliyeuanza, bali anayekubali kulaumiwa kwa ajili yake. Kwenye slufay lawama hugawanywa kwa wote walioitikia, ndiyo maana hakuna mtunzi. Jukwaani humwangukia mmoja. Byron Kawadwa wa Uganda alilijua hilo kwa gharama kubwa mno. Tamthilia yake ya nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, ilikuwa na muziki wa Wassanyi Serukenya na waigizaji tele, na mapema mwaka 1977 ilipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Waliporudi Kampala, watu wa Idi Amin walimfuata Kawadwa, wakamuua mwaka huo huo.

Mtu anaweza kupinga kwamba kipimo hiki ni kikatili, kinamfanya msanii astahili wimbo kwa kuumia tu. Pingamizi lina uzito. Hata hivyo Siti hakuumia tu. Alivuna sifa na fedha kwa jina lile lile lililobeba matusi, na wenzake waliotia mistari na nyuzi wamebaki majina ya pembeni. Hapo kipimo cha lawama kinapwaya, na haki ya Subeit na Mbaruk bado inadaiwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na mwaka 1988 Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida, kililiita Sauti ya Siti.