Kona za Shamba

Sisi wa Karatu hatujaiona barafu ya Ncha ya Kusini, wala hatutarajii kuiona. Shida zetu ni maji, ada za shule na bei ya vitunguu vya Mang'ola. Basi tukisikia kwamba mataifa hutumia fedha nyingi kuichimba barafu hiyo ili kusoma habari za hewa ya zamani, tunauliza: je, ni haki kushughulikia ya mbali wakati ya nyumbani yanangoja?

Swali hilo si la kubezwa. Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Lakini Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria aliyemhudumia mtu asiye wa kabila lake. Tutayashikaje yote mawili?

Tarehe 1 Desemba 1959 mataifa 12 yalitia saini Mkataba wa Antaktika. Saba kati yao yalikuwa yakidai sehemu za bara hilo. Hayakuyafuta madai yao. Yaliyaweka kando, yakakubaliana kwamba huko pasiwe na shughuli za kijeshi, na kwamba matokeo ya utafiti yagawanywe. Kila taifa lilibaki na nyumba yake, ila lilikiri kwamba hewa na bahari havijui mpaka. Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huko, maji ya bahari hupanda hata Pangani na Pemba.

Mwaka huohuo, hapa jirani, Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Mary Leakey akaliona fuvu la Zinjanthropus huko Oldupai. Fuvu hilo lilikaa Kenya hadi liliporudishwa Tanzania mwaka 1965. Wataalamu wa nchi nyingi wamelisoma, wala elimu yake haikupungua kwa kugawanywa. Lakini lilirudi kwao.

Hata hivyo, kuna tofauti tusiyoweza kuifumbia macho. Antaktika haina wenyeji. Ngorongoro ina Wamaasai na mifugo yao. Panapoitwa urithi wa dunia nzima, hapo pana mtu anayetafuta malisho na mama anayeteka maji. Elimu ikigawanywa kwa wote, na gharama ikaachiwa wachache, huo si ushirika.

Katika kitabu cha Walawi, mkulima aliagizwa asivune hadi kona za shamba, bali awaachie maskini na mgeni. Hakuagizwa kulitoa shamba lote, wala watoto wake hawakuagizwa kulala njaa. Tunaona hapo kipimo cha taifa pia: litunze nyumba yake, lakini lisivune hadi ukingoni; na anayeingia kuokota akumbuke kwamba shamba lina watu.

Kwa hiyo tunapoomba mvua ya Karatu, tuwaombee pia wanaoisoma barafu ya mbali. Na tunapojivunia wageni wa Ngorongoro, tuwaulize wenyeji wake wamelalaje.