Nyayo Zilizozaa Jina

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata majina ya watu, tunayoyatamka kila siku pasipo kuyatafakari, yana mikono iliyoyaunda. Na jina la Kiingereza Walker, msomaji mpenzi, liliundwa kwa miguu.

Hebu tuitazame pamoja Uingereza ya kale, nchi ya baridi na makundi ya kondoo. Muumba aliuvika kila unywele wa sufu magamba madogo mno, ili ukiloweshwa na kukandwa ushikamane na mwenzake. Kitambaa kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa chepesi, chenye mianya, kimejaa mafuta ya kondoo. Hapo aliitwa mkanyagaji. Alikilaza ndani ya hodhi lenye maji, udongo wa kunyonya mafuta na mkojo uliochacha, akaingia pekupeku, akaanza kutembea. Alitembea kutwa asifike popote, mguu ukipanda na mguu ukishuka, hata sufu ikajikunyata na kushonana kama ukili wa mkeka, ikawa nguo nzito ya kukinga upepo na mvua. Kisha kitambaa kiliwambwa kwa kulabu kwenye fremu za mbao, kikauke kimenyooka.

Kazi mbaya si mchezo mwema. Kazi hiyo yenye harufu kali ilijaliwa majina matatu: kaskazini mwenye kuifanya aliitwa Walker, yaani mtembeaji, kusini-mashariki Fuller, na kusini-magharibi Tucker. Na tazama majira yalivyopangika! Kufikia mwaka 1185 vinu vya maji vya kazi hiyo vilikwisha kuandikwa katika kumbukumbu za Uingereza, mto ukiinua nyundo za mbao mahali pa miguu. Hata hivyo, karibu na mwaka 1400, familia nyingi za huko zilipokuwa zimezoea kurithisha jina kutoka kwa baba hadi kwa mwana, jina la mtembeaji lilikuwa lingali vinywani. Miguu ikapumzika, jina likashika njia, likavuka bahari hadi Marekani, ambako mwandishi Alice Walker ni mmoja wa wanaolibeba.

Wafalme walijichongea makaburi ya mawe ili wasisahauliwe. Mkanyagaji hakuchonga chochote, na bado kazi yake huitwa kila asubuhi katika madaftari ya shule. Tumshukuru Mola aliyeficha joto la taifa zima ndani ya unywele wa kondoo, akamjalia mnyonge kukumbukwa kwa jasho lake.