Kilengeo cha Nyuma na Dhamiri Iliyopotoka

Bastola hulengwa kwa viungo viwili: kilengeo cha mbele, ambacho ni kinundu kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, na kilengeo cha nyuma, ambacho ni bamba dogo la chuma lenye pengo ambamo kinundu hicho hutakiwa kuonekana katikati, ncha za vyote viwili zikiwa usawa mmoja. Mpiga shabaha anaweza kutimiza yote aliyofundishwa, akatuliza pumzi na kuvuta kifyatulio taratibu bila mkono kutikisika, na bado risasi ikatua kando kwa kuwa kilengeo cha nyuma kimesogea kidogo tu. Tena wakati wa kulenga jicho hukazwa kwenye kilengeo cha mbele, huku kile cha nyuma kikionekana kwa ukungu, hata kinachompotosha mtu kikawa ndicho asichokitazama. Hali hiyo inakaribiana sana na swali ambalo wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi: je, aliyetenda kwa nia safi, akiifuata dhamiri yake, ana hatia iwapo dhamiri yenyewe imepotoka?

Dhamiri hapa ni uamuzi wa akili unaomwambia mtu kwamba tendo fulani ni jema au ni baya. Thomas Aquinas, mtawa wa shirika la Wadominiko aliyefariki mwaka 1274, alilijibu swali hilo kwa hatua mbili katika kitabu chake Summa Theologiae. Kwanza alishikilia kwamba hata dhamiri iliyokosea humfunga mwenye nayo, kwa sababu anayekwenda kinyume na kile anachoamini kuwa ni chema amekusudia uovu. Pili alikana kwamba kuifuata kunamwondolea mtu hatia siku zote, kwani upo ujinga unaotokana na uzembe wa kutojifunza yale yaliyopasa kujulikana. Kwa jibu hilo lawama huondoka kwenye dakika ya kutenda na kurudi nyuma, kwenye siku zote ambazo dhamiri ingeweza kupimwa isipimwe.

Upimaji huo una taratibu zake. Fundi wa bastola hakimbilii bisibisi baada ya risasi moja, bali hupiga kadhaa kwenye karatasi moja na kutazama zilivyokaa: zikitawanyika ovyo, kasoro huenda ni ya mkono, zikikusanyika pamoja lakini mbali na kitovu, ndipo kilengeo hushukiwa. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule ule ambao risasi inatakiwa kwenda, na kiasi cha kusogeza hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa kosa kwa nafasi iliyo kati ya vilengeo viwili, kisha kugawanya kwa umbali wa shabaha. Risasi zikitua sentimita 10 kulia, shabaha ikiwa mita 15 mbele na vilengeo vikiachana kwa milimita 150, kinachohitajika ni kusogeza milimita 1 kushoto, kipimo ambacho mtu aliyeishika bastola mkononi angeweza kukipuuza kabisa.

Hata hivyo, upo mtego mmoja mkubwa. Mpigaji wa mkono wa kulia anayekurupusha kifyatulio mara nyingi hupeleka risasi chini kushoto, nazo zaweza kukusanyika vizuri kiasi cha kufanana na kosa la chombo. Akikisogeza kilengeo kulia ili kufidia tabia hiyo, bastola itaonekana imepona mikononi mwake, lakini akipewa mwingine aliyetulia itakosea upande wa kulia. Ndivyo wafanyavyo wanaokirekebisha kipimo cha wema kilingane na udhaifu wao, na hilo ni baya kuliko udhaifu wenyewe, kwa sababu kosa limehamishwa kutoka kwa mtu hadi kwenye kanuni ambayo wengine wataitumia.

Mpiga shabaha huyaona mwenyewe matundu kwenye karatasi, ilhali matendo ya binadamu huacha alama zake katika maisha ya wengine, na aghalabu ni hao tu wanaojua yalipotua. Kwa mfano, Bartolomé de las Casas, padri Mhispania aliyeishi Karibi, alimiliki wenyeji waliogawiwa kwake wamfanyie kazi, na aliendelea hivyo hata baada ya mahubiri ya mtawa Antonio de Montesinos ya mwaka 1511, yaliyoushutumu mfumo huo mbele ya walowezi wenyewe. Mwaka 1514 aliwaachia watu wake na kuanza kuwatetea wenyeji. Lakini katika mapendekezo yake ya mwaka 1516 alikubali watumwa weusi waletwe kufanya kazi badala yao, maana yake dhamiri iliyokwisha kurekebishwa kwa jambo moja ilikuwa bado imepinda kwa jambo jingine, na waliolipa gharama yake walikuwa Waafrika.

Baadaye Las Casas alitambua kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma sawa na ule wa wenyeji wa Karibi, akaandika katika kitabu chake cha historia kwamba hana hakika kama ujinga wake na nia yake njema vitamwokoa mbele ya hukumu ya Mungu. Alikuwa na haki ya kukosa hakika hiyo, kwa kuwa ushahidi wa dhuluma ile haukuwa umefichika: Waafrika wenyewe walikuwepo, na wangeweza kuulizwa.