Kinachokimbia ni kiatu au ni imani?

Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 2019 mjini Vienna, katika mbio zilizoandaliwa maalumu, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia masafa hayo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na raba zenye sponji nene na bamba la kaboni ndani ya soli. Raba za namna hiyo leo zinanunuliwa pia na watu wa kawaida wanaokimbia kwa ajili ya afya.

Hatusemi kuwa raba hizo ni uongo mtupu. Vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 vilionyesha kuwa wakimbiaji hodari 18 walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa faida hupungua kwa anayekimbia taratibu. Tena, ni vigumu kumficha mkimbiaji alichovaa, kwani mguu huhisi. Kwa hiyo si rahisi kutenga kazi ya sponji na kazi ya imani.

Hapo ndipo linapokuja swali. Ikiwa imani yenyewe humsaidia mtu, kuna ubaya gani muuzaji akiikuza kwa maneno? Wapo watakaosema: mteja karidhika, kakimbia, nani kadhurika?

Hoja hii inavutia lakini haisimami. Ikiwa sehemu ya faida inatokana na imani ya mnunuzi, basi muuzaji anamtoza mtu bei ya kitu alichokuja nacho mwenyewe. Kuridhika kwake nako si hoja, kwani aliyeridhia jambo asilolijua hakuridhia. Na madhara yapo: aliyeaminishwa kuwa mbio zake zimo katika soli, siku soli ikichakaa atajiona hawezi.

Mifano ipo. Mwaka 2011 kampuni ya Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani, na mwaka 2012 Skechers ikakubali kulipa dola milioni 40, kufuatia madai ya Serikali kuwa matangazo yao kuhusu viatu vya kujenga misuli hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Bila shaka wapo wateja waliojihisi wameimarika. Hisia zao hazikuyafanya matangazo yale kuwa kweli.

Mnunuzi naye ana wajibu. Kabla ya kutoa fedha za matumizi ya nyumbani, ajiulize: vipimo hivi vilifanywa kwa watu wenye mwendo kama wangu? Akishajua ukweli na bado akaipenda raba, anunue, ni haki yake. Imani ni nguvu, hatukatai. Lakini mwenye haki ya kuitumia ni mwenyewe, si mfanyabiashara anayemnyima ukweli.