Usitoe Mji Mapema

Kijana wetu wa Small Heath, wa Sparkbrook, wa popote Birmingham unakoamka kwa Kiswahili na kwenda shule kwa Kiingereza, nina neno nawe.

Bibi alipokutegea kitendawili kikakushinda, alikudai mji. Ukampa Mombasa, ukampa Unguja, naye akauingia kwa maneno, akala akasaza, ndipo akakufungulia jibu. Mchezo huo ndio uliokulea. Basi chemsha bongo ya shule isikutishe. Umeizoea tangu utotoni, ila sasa kuna kengele mezani.

Mashindano ya chemsha bongo ya shule yaitwayo Schools' Challenge yapo tangu 1978, na mtindo wake ni ule wa University Challenge ya televisheni, iliyoanza 1962: wanne kwa wanne. Swali la kufungulia lina pointi 10, na unalijibu peke yako, bila kunong'onezwa. Ukilipata, timu yenu inaulizwa mengine matatu ya pointi 5 kila moja, na hapo mnashauriana. Kwenye University Challenge, ukimkatiza muulizaji ukakosea, unatozwa pointi 5. Tano tu!

Hofu hiyo ya kukosea ndiyo inayowagandisha vijana wetu, na inaniuma. Jibu liko mdomoni, mkono uko mapajani. Mmoja anaogopa lafudhi yake itachekwa. Mwingine ameshajiambia kwamba michezo hii ni ya watoto wa shule za ada. Anasubiri awe na hakika kabisa, na wa upande wa pili, ambaye wala hana hakika kumshinda, ameshabonyeza. Huko ndiko kutoa mji kabla kitendawili hakijaisha.

Nawe una hazina! Wakiuliza pepo za kaskazi na kusi, ni za kwenu. Wakiuliza Kilwa, Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Wakiuliza nani alipata Nobel ya fasihi mwaka 2021, ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuja Uingereza kijana kama wewe. Nani mezani akutangulie hapo?

Yaliyobaki yanasomeka. Pale Centenary Square ipo Maktaba ya Birmingham, iliyofunguliwa tarehe 3 Septemba 2013 na Malala Yousafzai, msichana wa miaka 16 wakati huo, mwaka haujatimia tangu apigwe risasi Pakistan na kuletwa kutibiwa katika mji huu huu. Ingia. Kaa na ramani, kaa na historia, kaa na jedwali la elementi, kila juma, na daftari mkononi.

Mzazi, usiseme ni mchezo wa kupoteza wakati. Mtegee maswali mezani, kwa lugha yoyote uliyo nayo, na akikosa umdai mji.

Nawe mwanangu, tafuta wenzako watatu. Kesho asubuhi mwendee mwalimu umuulize timu ya shule inakutana lini. Akisema haipo, mwambie mko wanne na mnaomba chumba.