Juu ya Kelele na Haki ya Jirani

Liko swali ambalo kwanza laonekana dogo, lakini likichunguzwa huwa kubwa. Swali lenyewe ndilo hili: Je, watu wa kijiji waweza kumkataza mwenzao asipige kelele nyumbani kwake? Na kama waweza, ni kwa haki gani?

Mwenye kelele ana neno lake. Husema, “Uwanja ni wangu, kipaza sauti nimekinunua kwa fedha yangu, na harusi ni ya mwanangu. Je, maskini asifurahi hata siku moja?” Jirani yake naye ana neno lake. Husema, “Mama yangu ni mgonjwa, watoto wangu wana mtihani, nami nitaamka alfajiri kwenda shambani. Je, nisilale ndani ya nyumba yangu mwenyewe?” Wote wawili wasema kweli, wala hakuna anayemwibia mwenziwe mali. Ndiyo maana shauri hili huwashinda wenyeviti wa vitongoji wengi, nao hulimaliza kwa kusema, “Vumilianeni.”

Tena ipo methali ambayo mwenye kelele hupenda kuitumia akilalamikiwa: Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini tuitazame vema. Katika methali hii ng'ombe ndiye mwenye nguvu, na chura ndiye mnyonge. Basi mwenye kipaza sauti hujifanya ng'ombe, na mgonjwa anayeomba kupumzika huhesabiwa kuwa chura. Methali yafaa kumtia moyo mtu anayesengenywa bure, lakini haifai kumnyima jirani usingizi wake.

Tufikiri kwanza jinsi sikio lilivyo. Jicho lina kope. Mtu asiyependa kuona hulifumba. Kinywa kina midomo. Asiyependa kula hukifunga. Lakini sikio halina mlango. Hata tulalapo li wazi, na sauti huingia bila kubisha hodi. Mtu apitaye ua wa jirani bila hodi twamwita mkosaji, hata kama hakuchukua kitu. Basi sauti yangu ikiingia chumbani mwa jirani usiku wa manane, nimeingia mimi mwenyewe kwa namna fulani, wala hakunikaribisha.

Tena usiku sauti husafiri kuliko mchana. Katika milima ya Tarime, jua likiisha kutua, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa upesi kuliko ile ya juu, na sauti iliyokuwa ikipanda juu mchana hupindwa kurudi chini. Kwa hiyo muziki ambao mchana hausikiki ng'ambo ya bonde, usiku huifikia nyumba ya ng'ambo na kuwaamsha waliomo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 za kelele ya mfululizo; na spika kubwa, mtu akiwa karibu nayo, hupita 100. Basi mtu anayelalamika usiku asiambiwe kuwa ana kisirani.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila sauti kubwa ni mbaya. Katika vijiji vya Serengeti vilivyo kando ya hifadhi ya taifa, mahindi yakikaribia kukomaa, watu hukesha mashambani. Tembo wakitoka porini, walinzi hupiga madebe na kupaza sauti ili wawafukuze, maana shamba la mwaka mzima laweza kuliwa usiku mmoja. Nani atamtoza faini mtu huyo? Tena Wakurya na majirani zao tangu zamani wametumia yowe. Wezi wa ng'ombe wakivamia boma, mtu hupiga yowe, jirani hulipokea, na mwingine baada yake, hata nchi nzima huamka. Asikiaye yowe na kuendelea kulala hulaumiwa. Ni kelele, lakini ni kelele ya lazima. Ndiyo njia ya mnyonge kuwaita wenye nguvu.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu, kama nionavyo mimi. Ubaya wa kelele hauko katika ukubwa wa sauti peke yake. Ubaya wake ni kwamba yaifunika sauti nyingine iliyopaswa kusikiwa. Muziki wa senta ukivuma mpaka alfajiri, ni nani atakayesikia yowe la mjane aliyevunjiwa zizi? Ni nani atakayemsikia mtoto mwenye homa akiita, au mzee aliyeanguka? Basi hatutungi sheria ya kelele kwa sababu kimya ni kitakatifu. Kimya nacho chaweza kuwa dhambi. Twaitunga ili masikio ya kijiji yawe huru kumsikia anayeita.

Neno hili latuonya katika jambo jingine lililo zito. Mwezi wa Desemba, katika miaka ya tohara, barabara za Tarime na Serengeti hujaa watu wanaoimba, kupiga filimbi na kucheza wakiwasindikiza vijana. Furaha hiyo ina asili yake, wala si kazi yetu kuidharau. Lakini pale wanaposindikizwa wasichana, ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza wasikeketwe wakiwa chini ya miaka 18, hatuulizi tena wimbo ni mkubwa kiasi gani. Twauliza unafunika nini. Ikiwa ndani ya shangwe hiyo yumo mtoto anayelia na hakuna amsikiaye, basi hata wimbo mzuri umekuwa kelele.

Basi ni nani mwenye mamlaka ya kuweka kanuni? Zamani Wakurya walikutana katika iritongo, yaani baraza la watu wa mahali, wakasikiliza mashauri na kuyaamua. Siku hizi sheria ya serikali za mitaa, Na. 7 ya 1982, yakipa kijiji nafasi ya kujitungia sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa wakazi wenye miaka 18 na zaidi hutoa maoni yao, kisha halmashauri ya wilaya huithibitisha, na kabla ya hapo haina nguvu. Juu yake ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za kelele na mitetemo zilizofuata mwaka wa 2015. Mwaka wa 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia baa na kumbi nyingi mijini kwa ajili ya kelele. Lakini afisa wa mji yu mbali na kitongoji, na jirani yu karibu. Shauri hili hutengenezwa vema na wale wanaokutana kila siku kisimani.

Na hapa yatupasa sisi wa kanisa tujitazame kwanza. Ni rahisi kulalamikia kilabu cha pombe. Je, kipaza sauti cha mkesha wetu? Wako wasemao, “Hii ni sauti ya Injili, haiwezi kuhesabiwa kelele.” Lakini Mithali 27:14 yatufundisha kwamba hata baraka, ikitolewa kwa sauti kuu asubuhi na mapema, huhesabiwa kuwa laana kwa yule anayebarikiwa. Tena tumejifunza katika Katekisimo kwamba amri ya tano haikatazi kuua tu, bali yatuamuru tusimdhuru jirani katika mwili wake, tumsaidie. Usingizi ni wa mwili, na mgonjwa anayenyimwa usingizi anadhurika. Mwaka wa 2018 makanisa yapata 700 yalifungwa mjini Kigali katika Rwanda, na kelele ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Afadhali kanisa lijiwekee mpaka kwa upendo kuliko kungoja kuwekewa kwa amri.

Tena tukumbuke kosa jingine. Zamani katika misheni nyingi za Afrika ngoma zilikatazwa, nazo ziliitwa kelele za giza, hali kengele ya kanisa ilipigwa alfajiri bila mtu kuulizwa. Tangu hapo twajua kwamba mtu huita kelele kile asichokipenda, na sauti aipendayo huiita wimbo. Kwa hiyo kanuni ya haki haiulizi ni muziki wa nani, wala ni wa dini gani. Huuliza saa, mahali, na nani anayeumia.

Historia yatuonya pia kwamba kanuni yaweza kuondoa kero kwa mmoja na kumtwika mwingine. Mwaka wa 45 kabla ya Kristo, kwa sheria ya Julius Caesar, magari mengi ya kukokotwa yalikatazwa kupita mjini Roma mchana. Njia zikawa nyeupe mchana, lakini magari yakaja usiku, na wakazi wa vyumba vya kupanga wakakosa usingizi. Nasi tuangalie, tusije tukamwadhibu mwenye redio ndogo, huku mwenye fedha akipata kibali cha kukesha na spika kumi. Nyamongo, ambako machimbo makubwa ya dhahabu yalianza kazi mwaka wa 2002, sheria ndogo ya kijiji haiwezi peke yake kupima baruti. Hapo kanuni za nchi juu ya mitetemo ndizo zinazopasa kusimama. Sheria inayomkamata mdogo na kumwogopa mkubwa haitaheshimiwa na ye yote.

Basi, kijiji kikikutana kutunga kanuni yake, nafikiri mambo haya yafaa. Saa ya kuzima vipaza sauti ijulikane, nayo iwe moja kwa baa, kwa harusi na kwa kanisa. Yowe, ulinzi wa mashamba na matangazo ya hatari yaachwe huru kabisa. Msiba upewe nafasi yake, lakini maombolezo hayahitaji spika. Mwenye sherehe awaarifu majirani mapema, na kama kuna mgonjwa karibu, apewe heshima ya kuulizwa. Kipimo kiwe rahisi: ikiwa watu waliofunga mlango nyumbani mwao hawawezi kusikilizana, sauti imepita mpaka. Na kwanza mtu aonywe na wazee wawili, faini ije baadaye, maana kusudi ni kumpata jirani, si fedha yake.

Walimu na wazee wa kanisa waweza kuanza kabla ya mkutano wo wote kuitwa. Waende kwenye nyumba zilizo karibu na kanisa, wabishe hodi, waulize: “Je, sauti yetu yawasumbua?” Kisha wanyamaze, wasikilize jibu.