Mlinzi Aliyelewa

Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, sungusungu, nao wakimbizi, hulinda usiku wakisaidiana na polisi. Tuseme mmoja wao (simtaji mtu) amekunywa gongo, pombe iliyokatazwa na sheria, akampiga jirani. Je, arudishiwe zamu? Utajibu: ametubu, na Mungu husamehe. Ni kweli. Lakini toba ni baina yake na Mola wake. Haimlazimu mjane aliye chini ya turubai kumwamini tena. Akificha kosa, asirudishwe. Bali akilikiri kabla ya kuulizwa, akamfidia aliyemwumiza, akaacha ulevi machoni pa watu, basi aanze na zamu ya mchana, pamoja na mwenzake.